Aliyejiita Mlalasaruji

Hata baada ya kustaafu, Mama Zamu hakuweza kukaa mezani bila kuhesabu vichwa. Alihesabu kwa macho, midomo imefungwa, kuanzia kushoto, na hakugusa kijiko mpaka hesabu itimie. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mumewe, dereva wa malori aliyestaafu kabla yake, na bado alihesabu.

"Afande," mumewe alimwambia, "tuko wawili, hakuna aliyetoroka. Tule."

Jina la Mama Zamu alipewa na askari wenzake katika gereza la wanawake, kwa kuwa alipokea zamu za kila mtu: ya mwenye mgonjwa, ya mwenye msiba, na ya mwenye uvivu wake tu. Hakujaliwa mtoto, na walimtania kwamba zamu ndizo watoto wake. Alicheka nao. Mtu akizoea kucheka na utani unaomchoma, hujifunza kuchomwa bila kukunja uso, na hiyo ilikuwa nusu ya kazi yake.

Nusu nyingine ilikuwa milango. Mlango wa wodi, chumba wanacholala wafungwa, ni wa chuma, hufunguka kwa nje, na upande wa ndani hauna kitasa. Una tundu dogo lenye kifuniko cha bati. Askari hukisogeza kwa kidole gumba, huchungulia, hukirudisha. Utumishi wake wote ulipita hivyo: anasogeza, anaona, anafunika. Mlango mmoja uliwahi kumponda mguu wa kushoto, na tangu hapo aliuvuta kidogo alipotembea. Mengine aliyoyapata milangoni yalibaki kifuani, yametulia kama maji mtungini, hayajaenda popote.

Alipostaafu, maji yale yakaanza kutikisika. Akashika kalamu.

Aliandikia jikoni asubuhi, kabla jua halijafika kwenye sinki. Mwanzoni alijaribu kuandika kama askari, na sentensi zilitoka zimekakamaa, zimepiga saluti: mfungwa tajwa alionekana, mfungwa tajwa aliondolewa. Akazichana zote. Kisha siku moja, maharage yakiwa jikoni yanachemka, akaandika: *Mimi nililala juu ya saruji mpaka saruji ikanijua mgongo.* Mkono haukusimama. Maharage yaliungua, na yeye hakusikia harufu. "Mimi" yule hakuwa yeye, lakini alijua kusema kuliko yeye.

Mumewe ndiye aliyekuwa msomaji wa kwanza. Alisoma kitandani, miwani puani, mpaka akaivua akafuta macho kwa ncha ya shuka.

"Huyu mwanamke yuko wapi sasa?"

"Hayupo. Nimemtunga."

"Hayupo vipi, na mimi nimeshamlilia?"

Mwenye mtambo wa kuchapa, mtu wa maneno machache na wino mwingi vidoleni, alikisifu kitabu, kisha akamwuliza kazi yake. Alipoambiwa, akakirudisha mezani taratibu.

"Mama, tukiandika hapa juu kwamba wewe ulikuwa askari, kitabu kimekufa kabla hakijazaliwa. Nani atamsikiliza mwenye funguo akimsemea aliyefungiwa? Paka akiandika maisha ya panya, panya watanunua?"

Hivyo likazaliwa jina Mlalasaruji. Jalada halikuwa na picha wala maelezo. Aliyelisoma jina alimaliza mengine mwenyewe.

"Kwa hiyo mimi niliyelala nawe miaka yote hii," mumewe akasema, "ndiye saruji?"

Kitabu kilisomwa. Watu walikiazima, wakakikunja pembe, hawakukirudisha. Siku moja kwenye foleni ya duka la dawa Mama Zamu alimsikia mwanamke akimwambia mwenzake, "Haya huwezi kuyajua kama hukuyalala. Huyu mama kateseka, usimguse." Sifa zile zilimkaa Mama Zamu kama nguo ya kuazima. Zilimpendeza, na kila akiinama aliogopa zitachanika.

Kisha ikaja simu.

"Wewe ndiye Mlalasaruji? Namba nimepewa na muuza vitabu. Nimemsumbua mpaka kachoka."

"Ndiye," alisema Mama Zamu.

"Dada yangu! Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa ndani pia, gereza lilelile. Nimelijua kwa lile tangi linalovuja la kitabuni mwako. Sasa nisikilize. Ile sura ya mtoto, mtoto anachukuliwa, mama anang'ang'ania mpaka wanamfungua vidole kimoja kimoja. Ile umeitoa wapi?"

Mama Zamu alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Sauti ile alikwisha kuitambua.

"Niliiona," akasema. Huo haukuwa uongo.

"Basi uliniona mimi! Pale mwenye mtoto wa umri ule nilikuwa mimi peke yangu." Fundi alivuta pumzi. "Nilifungwa na mimba, kwa kummwagia mwajiri wangu maji ya moto. Alichokuwa anakitaka jikoni kwangu unaweza kukikisia. Nikazaa humohumo. Mtoto alipofika umri wa kutolewa, wakampeleka kwa shangazi yake. Na shangazi kamlea kwa wimbo mmoja: mama yako alikutoa kama anayetoa takataka, hata chozi hakudondosha. Binti sasa ni mtu mzima, anafundisha chekechea, na simu zangu hapokei. Nikampelekea kitabu chako. Nikamwambia, soma, yule ni mimi. Dada, amesoma! Amepiga simu mwenyewe! Anakuja Jumamosi."

"Hilo ni jambo jema."

"Jema nusu. Anasema anataka kumwona aliyeandika, asikie kwa mtu aliyekuwepo." Sauti ikashuka. "Wewe na mimi tunajua haikuwa hivyo kabisa. Mimi sikupigana. Lakini wewe umeandika nilipigana, na yeye ameamini kwa sababu anayesema ni mfungwa mwenzangu. Njoo umwambie ndivyo. Ukisema, nimempata mwanangu. Ukikataa, atasema nilitafuta kitabu cha kunisemea."

Pale ndipo Mama Zamu alipotakiwa kusema kwamba alikuwa askari. Neno lilikuwa fupi, la silabi chache. Badala yake akasema, "Nitakuja."

Wiki ile aliunguza chakula mara nyingi kuliko wakati wa kuandika.

"Utaenda kusema nini?" mumewe aliuliza.

"Sijui."

"Sijui si nguo, huwezi kuivaa ukatoka nayo. Ukisema wewe ni askari, binti atakitupa kitabu na mama yake pamoja. Ukinyamaza, utakuwa shahidi wa uongo. Njia mbili zilimshinda fisi, mke wangu, na fisi alikuwa na njaa tu, hakuwa na aibu."

"Na mama yake akinijua je?"

"Akujue kwa lipi? Kofia huna, magwanda huna, umenenepa. Hata mimi asubuhi nakuangalia mara mbili."

Jumamosi alivaa gauni la maua makubwa na mtandio. Miguuni alivaa viatu vyake vya siku zote, vyeusi vya kamba, kwa sababu mguu wa kushoto haukukubali vingine.

Chumba cha Fundi kilikuwa kimoja, mlango wazi juu ya barabara ya vumbi. Vyerehani viwili vilitazamana. Ukutani zilining'inia sare za shule zisizo na vifungo bado, na juu ya meza ya kukatia kulikuwa na futi, chaki na pasi ya moto iliyosimamishwa kwa kisigino chake. Kitabu kilikuwa hapo pia, kimetiwa alama kwa kipande cha kitambaa.

Fundi alikuwa mwembamba, wa mifupa mikubwa. Alimkumbatia mgeni hata kabla ya salamu. Kwenye cherehani cha pili alikaa mwenzake aliyetoka naye gerezani, waliyemwita Kidomo, na mtu hakuhitaji kuuliza kwa nini. Binti alikaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani, mikono miwili juu ya mkoba, kama abiria ambaye gari lake liko karibu kuondoka.

"Karibu, mwandishi!" Kidomo alisema. "Eh, lakini umenawiri! Mfungwa gani ana mashavu haya?"

"Nimekula ya nyumbani siku nyingi," alijibu Mama Zamu.

"Mimi nakula ya nyumbani na bado niko kama sindano. Labda nyumba yako na yangu hazifanani."

"Kidomo, mgeni hajakaa," alisema Fundi. Alimtazama Mama Zamu usoni kwa upole, akitafuta. "Sura yako siikumbuki, dada. Lakini tulikuwa wengi, na tulikuwa tunatoka tunaingia."

Wakakaa. Binti alisema shikamoo. Alikuwa na macho ya mama yake, ila ya kwake yalikuwa hayajaamua.

"Kitabu nimekipenda," Kidomo aliendelea, uzi mdomoni. "Nimelia mpaka nikashona vifungo upande wa nyuma, muulize huyu. Lakini kuna kitu kinanikereketa kooni. Umeandika nyuso za maafande. Huyu ana kidoti, yule anatabasamu upande mmoja. Uliziona lini? Sisi tukihesabiwa tulikuwa tumechuchumaa, macho chini. Ukimwinulia afande uso, umejitafutia siku mbaya. Sisi tuliwajua kwa viatu."

"Hilo kweli," Fundi akacheka, kwa furaha ya mtu aliyekumbushwa utoto. "Kulikuwa na Kisigino. Kulikuwa na Kamba Nje."

"Na Nusu Hatua!"

"Mungu wangu, Nusu Hatua! Yule wa mguu wa kushoto. Gu, kimya, gu. Ukimsikia kwenye korido unajua umebaki na muda wa kuficha kijiko."

Walicheka wote wawili. Mama Zamu aliuvuta mguu wa kushoto chini ya kiti, polepole, kana kwamba ni mguu wa mtu mwingine aliyelala na hakutaka kumwamsha. Alikuwa ametumikia miaka yote ile bila kujua kwamba upande wa pili wa mlango alikuwa na jina. Na katika kitabu chake kizima hakukuwa na hata kiatu kimoja.

Binti hakucheka. "Ulikuwa wodi gani?" aliuliza.

"Ya pili."

"Ya pili!" Kidomo akaweka sindano chini. "Mimi ya pili mpaka natoka. Nyapara wetu alikuwa nani?"

"Yule mrefu, mwenye kovu la shingoni, mfungwa wa zamani kuliko wote. Ndiye aliyegawa sabuni."

"Sawa kabisa. Na ulilala upande gani, wa ukuta au wa ndoo?"

"Wa ukuta."

"Una bahati. Basi nikumbushe, maana mimi kichwa changu kimezeeka. Usiku tulivyokuwa tumebanwa, mtu hawezi kugeuka peke yake, tuligeuka wote kwa mara moja. Nani alikuwa anatoa neno? Na neno lenyewe lilikuwa nini?"

Mama Zamu alifungua mdomo. Mara nyingi alikuwa amechungulia wodi ile usiku. Aliona migongo, aliona blanketi, aliona watu wamelala. Hakuwahi kujua kwamba walikuwa wanageuka.

Pasi ilitoa sauti ndogo ya joto. Hakuna aliyeiangalia.

"Kidomo," Fundi alisema, na sauti yake haikuwa ya utani tena, "umekuwa hakimu lini? Mwache mwenzio. Watu wanasahau."

"Hilo halisahauliki. Mimi mpaka leo nikiwa usingizini naligeukia."

Binti alisimama.

"Mmepanga," alisema. Alisema taratibu, kama anavyosema na watoto. "Mmekaa mkapanga. Huyu hajawahi kulala huko. Kaandika ya kutunga, na wewe ukaona yanakufaa, ukajivika." Alimgeukia Fundi, na hakumwita mama, tangu alipoingia hakuwa amemwita chochote. "Shangazi alisema kweli. Sijui kwa nini nilitaka asiwe amesema kweli."

"Mwanangu, ngoja kwanza."

"Nimengoja tangu nizaliwe."

Akaelekea mlangoni. Fundi aliruka kutoka kwenye kiti, akajigonga kwenye cherehani. Kidomo, ambaye sasa alijuta, akakimbilia kuziba mlango, kiti chake kikaanguka, meza ikayumba, pasi ikaanza kutelezea upande aliosimama binti. Na katikati ya hayo yote ikatoka sauti ambayo Mama Zamu hakuiita. Ilitoka yenyewe, kavu, kutoka chini ya tumbo, mahali ilipokaa miaka mingi ikifanya kazi.

"Chini!"

Fundi na Kidomo walichuchumaa.

Walichuchumaa palepale kila mmoja alipokuwa, kwa mkupuo mmoja, viganja juu ya magoti, macho sakafuni. Hawakufikiri. Miili yao ilikuwa imekwisha kutii kabla masikio hayajamaliza kusikia. Pasi ilisimama ukingoni mwa meza, haikuanguka. Aliyebaki wima alikuwa binti peke yake, mkono kwenye mkanda wa mkoba, akiwatazama wanawake wawili wazima wamekunjamana kati ya vipande vya kitambaa, na wa tatu aliyesimama mbele yao na maua yake makubwa.

Pale chini, Fundi alikuwa ana kwa ana na viatu vyeusi vya kamba. Cha kushoto kilikuwa kimelika upande wa ndani.

"Nusu Hatua," alisema.

"Inukeni," Mama Zamu alinong'ona. "Tafadhalini, inukeni."

Kidomo ndiye aliyeinuka kwanza, ameshika meza.  

"Kumbe! Umetulalia saruji yetu ukiwa kitandani kwako! Mimi nimelia, we mama! Nimekulilia wewe!"

"Wewe ni askari," alisema binti.

"Nilikuwa."

"Ndiye uliyenichukua?"

"Hapana. Alikuja ofisa wa ustawi wa jamii, mwanamke. Mimi nilishika mlango."

Binti alirudi hatua moja ndani ya chumba. Hakukaa. "Basi sema. Alipigana?"

"Nilipigana!" Fundi alipaza sauti. Alikuwa bado amepiga goti moja, mkono umeshika mguu wa cherehani. "Afande, mwambie! Nilipigana!"

Alimtazama Mama Zamu usoni, na katika macho yale kulikuwa na chuki na ombi, vimekaa pamoja kama ndugu wasiosemezana. Mama Zamu aliona jambo ambalo hakuliwaza wiki nzima. Sasa angeaminiwa. Mfungwa akimtetea mfungwa, watu hutia shaka; askari akisema mfungwa alipigana, na sisi ndio tuliomfungua vidole, nani atabisha? Uongo ulikuwa haujawahi kuwa na nguvu kama dakika ile. Ulikuwa unangoja mkononi mwake, umeiva, na mwenye mtoto mwenyewe alikuwa anauomba.

"Hakupigana," alisema.

Fundi alitoa sauti ndogo, kama kitambaa kinapochanika.

"Basi," alisema binti.

"Hakupigana, na nitakwambia nilichokiona, kisha uende. Asubuhi ile aliambiwa ajiandae. Alikuchana nywele, hakuwa na haraka. Akakwambia mnacheza. Wewe nenda kajifiche, mama atafumba macho na kuhesabu, kisha atakuja kukutafuta. Ulitoka unacheka. Uliponipita mlangoni uliweka kidole mdomoni, nisije nikakusema. Yule ofisa alikuchukua mkono, ukaenda naye kujificha. Nikafunga. Mama yako hakudondosha chozi, na mimi nikasema moyoni, huyu mwanamke ni jiwe."

Aliinua kidole gumba, kana kwamba anasogeza kifuniko cha bati.

"Kisha nikachungulia. Alikuwa amegeukia ukutani, viganja machoni, anahesabu. Alihesabu kwa sauti kubwa ili umsikie ukiwa kwenye korido. Korido ikaisha, lango la nje likafungwa, yeye anahesabu. Wenzake wakamshika mabega, anahesabu. Zamu yangu iliisha nikamwacha bado."

Barabarani mtu alipita akisukuma toroli, akasalimia mlangoni, hakujibiwa, akaenda zake.

"Kwa nini hukuandika hivyo?" Kidomo aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka haikufanana naye.

"Niliandika. Nikafuta. Niliona nani ataamini mama aliyemtoa mwanawe akicheka? Watamchukia, kama mimi nilivyomchukia pale mlangoni kabla sijachungulia. Nikampa kupigana. Kupigana kila mtu anakuelewa."

Binti alikuwa anaangalia sakafu, kipande cha kitambaa cha buluu karibu na kiatu chake, kwa makini ya mtu anayesoma.

"Shangazi alikuwa ananichapa," alisema hatimaye. Alikuwa hasemi na mtu hasa. "Kwa kujificha. Mgeni yeyote akibisha hodi, mimi mbio, uvunguni. Walinitoa kwa ufagio. Nikiulizwa kwa nini, sijui. Nilikuwa najua tu kwamba nikisikia hodi natakiwa nikae kimya, nisicheke. Nimeanza shule bado najificha. Hilo silo la kwenye kitabu. Hilo sijawahi kumwambia mtu." Akainua macho kwa Fundi. "Ulihesabu mpaka ngapi?"

Fundi alikuwa amekaa chini kabisa sasa, mgongo kwenye cherehani.

"Sijui. Mimi sikusoma sana. Nikifika mia nilikuwa narudi moja."

"Kwa nini hukuniambia hili? Umenitumia kitabu, umenitumia watu, umenitafutia na mashahidi. Kwa nini si hili?"

"Ningesemaje?" Fundi alifuta uso kwa mkono wa gauni. "Nikwambie neno langu la mwisho kwako lilikuwa uongo? Kwamba nilikwambia nakuja kukutafuta, huku najua mlango hauna kitasa? Afadhali ubaki na picha yangu nikiwa napigana. Yule mama wa kitabuni hakumdanganya mwanawe."

Binti alifikiri juu ya hilo.

"Ile ya kitabuni ilikuwa nzuri zaidi," alisema.

"Hata mimi niliipenda hiyo," alisema Fundi.

Kidomo alicheka, cheko fupi lililotoka puani na machozi yake, akajiziba mdomo. Pembe ya mdomo wa binti ikasogea kidogo, ikarudi. Kisha Fundi akamgeukia Mama Zamu, na uso wake ukafunga.

"Wewe nenda. Umeyachukua yangu bila kuniuliza, ukayarekebisha ukauza. Leo umeyarudisha, nayo sikukutuma. Sijui nikushukuru au nikutie pasi. Nenda kwanza."

Mama Zamu alichukua mkoba wake. Alitaka kuomba radhi, na maneno ya radhi aliyokuwa nayo yote yalikuwa ya vitabuni. Akasema kwaherini tu. Kidomo alimpisha mlangoni bila kumtazama usoni.

Hakuna aliyemwitikia, kwa sababu binti alikuwa ameweka mkoba chini, amevuta kigoda mpaka karibu na pale mama yake alipokaa sakafuni, na alikuwa ameanza kuuliza.

"Nilivaa nini?"

"Gauni la mistari. Nililishona mwenyewe, kwa shuka la jela."

"Nywele ulinichana vipi?"

"Mafungu mawili. Moja lilikuwa linakataa kukaa, nikalitia mate."

"Na kweli nilicheka?"

Fundi aliunyosha mkono, akauacha ukae hewani karibu na goti la binti bila kuligusa.

"Ulicheka, mwanangu," alisema. "Ulicheka mpaka na yule aliyekuja kukuchukua akacheka."